Shangazi, mume wa mdogo wangu amemfungia pasipoti Marekani

*Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu aliolewa hapa Tanga miaka 3 iliyopita na kijana wa kwetu mwenye uraia wa Marekani, akamchukua hadi Ohio. Sasa anampiga. Mshahara wake anauchukua, pasipoti kaifungia kabatini, na kila wakigombana anamwambia, "Nikipiga simu moja tu unarudishwa Makorora." Hatujui hata makaratasi yake yamefikia wapi. Mama anasema avumilie, kwa kuwa bati za nyumba yetu alinunua shemeji. Mimi nilivyo huku nitamsaidiaje?*
*Dada Mtu, Makorora*

Marahaba, mwanangu. Barua yako imeniuma sana.

Nianze na hiyo simu moja, maana ndiyo iliyomfunga mdogo wako kuliko hilo kabati. Mume hana mamlaka hayo. Marekani wana sheria ya mwaka 1994 dhidi ya ukatili kwa wanawake, nayo inamruhusu mke anayeteswa na mume raia, au mwenye ukaaji wa kudumu, kujiombea ukaaji mwenyewe bila saini ya mume. Fomu yake ni I-360. Kwa anayeomba kwa njia hii haina ada, na maofisa wa uhamiaji wamekatazwa kumjulisha mume kwamba imepelekwa. Wala si lazima awe na kovu mwilini. Kumtisha kwamba atafukuzwa nchini, kumnyang'anya fedha, kumfichia pasipoti, yote hayo hutazamwa katika kupima ukatili. Na ikiwa alishapewa kadi ya ukaaji ya miaka 2, ambayo kwa kawaida mke na mume huomba pamoja iondolewe masharti, aliyeteswa anaruhusiwa kuomba peke yake.

Namba ya msaada kwa wanaoteswa majumbani ni 1-800-799-7233. Hupigwa kutoka ndani ya Marekani, saa 24, na wakalimani wapo. Aseme tu kwamba anataka Kiswahili. Watamwelekeza kwenye nyumba ya hifadhi na kwa wanasheria wanaosaidia bila malipo. Akiwa hatarini saa hiyo hiyo, apige 911. Lakini asitumie simu ambayo mumewe huikagua. Atumie ya kazini, au ya mwenzake anayemwamini.

Sasa wewe. Umeniuliza kama mtu asiye na kitu mkononi, kumbe ushahidi mwingi wa mdogo wako uko hapa Tanga. Atatakiwa kuonyesha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli, kwamba waliishi pamoja, na kwamba aliteswa. Sheria hiyo haidai ripoti ya polisi au ya hospitali peke yake. Inapokea ushahidi wowote wa kuaminika. Picha za harusi, cheti cha ndoa, barua ya posa, zile sauti za WhatsApp alizokutumia akilia, siku uliyomwona kwenye video uso umevimba. Usifute hata moja eti simu imejaa. Weka nakala mahali pengine, pamoja na tarehe zake. Kisha kaa uandike maelezo yako: ulisikia nini, uliona nini, lini, alikuambia maneno gani. Andika kwa Kiswahili chako. Kule yatatafsiriwa Kiingereza na mtafsiri ataweka saini kuthibitisha. Ukiweza, yaapie mbele ya wakili hapo mjini. Usitie chumvi hata kidogo, maana maelezo yako yakipingana na yake, atakayeumia ni yeye.

Mambo matatu nakukataza. Usimgombeze shemeji, wala usiende kwa ndugu zake. Habari ikimfikia kabla mdogo wako hajapata pa kukimbilia, kipigo kitaongezeka. Usimwambie apande ndege arudi kabla hajaonana na mwanasheria, kwa sababu kutoka nchini kunaweza kuharibu ombi lake. Na asimpe fedha mtu yeyote anayejiita mjuzi wa makaratasi, hata akiwa Mtanzania mwenzetu na anasali naye. Awe wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na serikali ya Marekani.

Pasipoti isimkoseshe usingizi. Ubalozi wetu Washington ndio wa kuuliza kuhusu nyingine.

Kwa wasomaji ambao ndugu yao hakuolewa bali alipelekwa Marekani kufanya kazi kwa hila au kwa nguvu, namba ni 1-888-373-7888. Tangu mwaka 2000 wapo chini ya sheria nyingine, yenye viza inayoitwa T.

Limebaki la mama. Hilo ndilo zito, na najua utasitasita kulisema. Mwambie kwa adabu, mkiwa wawili tu: bati alizileta mkwe kwa hiari yake, ahsante alishapewa, na hakuna aliyemwambia kwamba anamnunua mtoto wa watu ampige. Mdogo wako atakapofika mahali pa kuamua, sauti atakayoitafuta ni ya mama yake. Akiambiwa "vumilia" siku hiyo, atarudi ndani. Akiambiwa "toka mwanangu, mimi sikulaumu", ataondoka. Kwa hiyo zungumza na mama wiki hii, hata kabla ya kuanza kutafuta picha. Mama akikataa kukusikiliza, mtafute dada yake au shangazi yenu anayemheshimu, aende kukaa naye.

Ukikwama kwenye kuandika maelezo, niletee, tutayapitia pamoja.

*Shangazi*