Mwanangu, aliyevunja ushirika hakuwa bepari

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, pamoja na kelele zote za daladala. Unasema ofisini mmebishana hadi chakula kikapoa. Mwenzako Mkenya kadai Mwalimu Nyerere aliwaachia Watanzania umoja na njaa, nawe ukamjibu kuwa bora hivyo kuliko nchi ya manyang'au. Sasa unataka mimi niamue, kwa kuwa nilikuwa karani wa mizani hapa kijijini zama zote mbili: ujamaa na ubepari, upi ulitufaa?

Nitakujibu kwa korosho, maana ndiyo ninayoijua. Ya vitabuni waachie wasomi wako.

Sisi watu wa Kusini tulihamishwa mapema, miaka ya mwanzo ya sabini, kwa sababu vita ya Msumbiji ilikuwa ng'ambo tu ya Ruvuma na serikali ilitaka watu wakae pamoja. Mikoa mingine ilikuja kukumbwa na Operesheni Vijiji kuanzia 1973. Kukaa pamoja si kubaya. Shida ni kwamba mkorosho hauhami. Korosho haichumwi mtini kama embe, inaanguka yenyewe ikiwa na bibo lake, yaani tunda, nawe unaiokota chini. Kwa hiyo chini ya mti lazima pawe peupe, pamefyekwa na kufagiliwa. Ukihamishiwa kando ya barabara, shamba likabaki mwendo wa saa mbili, nyasi zinapanda, moto wa kichaa unapita, na ukifika umechoka unakuta ngedere na majirani wameshaokota. Babu yako aliendelea kwenda misimu kadhaa, baadaye akaacha. Hakugoma wala hakumtukana mtu. Aliacha tu.

Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Mtu asikudanganye kwamba ni vijiji peke yake vilivyofanya hayo, maana ugonjwa wa ubwiriunga nao uliingia ukaunguza maua, na salfa, dawa yake, haikuwepo. Lakini ugonjwa mtu hupambana nao akiona faida, na faida hapakuwa nayo. Mnunuzi alikuwa mmoja, shirika la umma, na bei ilitangazwa kutoka Dar es Salaam. Mimi nilipima, nikaandika, nikamkabidhi mkulima karatasi, kisha sote tukangoja fedha. Nazo zikija, dukani hamna kitu. Ile miaka ya mwanzo wa themanini, baada ya vita ya Kagera na mafuta kupanda bei, mama yako alifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, tukala unga wa yanga, ule wa njano, kwa foleni. Mtu akauze korosho za nini, ikiwa noti hainunui hata khanga?

Kwa hiyo kwenye biashara, mwenzako ana haki. Simtetei mtu hapo.

Lakini kuna kitabu cha malipo nilichokuwa nacho. Mwanzoni ukurasa mzima ulikuwa wa dole gumba, alama za wino wa zambarau, na la bibi yako likiwemo. Kikaja kisomo cha watu wazima, jioni, chini ya mwembe wa shule, na baada ya muda kurasa zikaanza kuwa na majina. Bibi yako alikuwa akiandika lake polepole sana, foleni nyuma inalalamika, naye hajali. Alikuwa akisoma na namba iliyo mbele ya jina, akaniuliza, "Hizi kilo mbona pungufu?" Mwaka 1977 likaja agizo kila mtoto aende shule, na huku kwetu hilo halikuwa jambo dogo, maana Kusini ndiko tulikosahaulika tangu ukoloni. Halafu kulikuwa na yale masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa, asiwe na nyumba ya kupangisha. Yaliondolewa na kikao cha CCM huko Zanzibar mwaka 1991, na tangu hapo sijasikia kiongozi akiona haya kwa kuwa na magorofa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninyi vijana mnapopotoka. Mnabishana kama vile ujamaa maana yake ni ushirika na ubepari maana yake ni kila mtu na lake. Sivyo ilivyokuwa. Wakulima wa nchi hii walikuwa na vyama vyao kabla ya TANU kuzaliwa. Wachagga waliunda chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, wakauza kahawa yao wenyewe chini ya pua ya mkoloni. Vyama hivyo havikuwa vya malaika. Tume ya 1966 ilikuta wizi mwingi, na mimi mwenyewe nimefanya kazi chini ya katibu aliyejenga nyumba ya bati kwa kilo za watu. Lakini vilikuwa vyao, na mwizi alikuwa anajulikana anakolala. Mwaka 1976 serikali ya kijamaa ikavivunja vyama vikuu vyote vya ushirika, kazi ikapewa mamlaka za mazao. Kabla ya hapo, mwaka 1969, chama cha TANU kilikuwa kimeshapiga marufuku umoja wa vijiji wa Ruvuma, kule Litowa na jirani zake, ambako watu walikuwa wameanza kuishi kijamaa kwa hiari yao hata kabla ya Azimio. Kosa lao lilikuwa nini? Walijiendesha wenyewe bila kungoja bwana mkubwa wa wilaya.

Na bepari Kenya alifanya nini? Mwaka 1964 aliunda mamlaka ya chai, KTDA, kuwahudumia wakulima wadogo: miche, magari ya kukusanya majani, viwanda. Shirika la serikali hilo, mwanangu, katika nchi tuliyoiita ya manyang'au. Mwisho wake wakulima ndio wakawa wenye hisa. Manung'uniko yapo, tena mengi, lakini kiwanda kipo.

Mwalimu mwenyewe alikuja kusema waziwazi, mwaka 1984, kwamba kuvunja ushirika na kufuta serikali za mitaa yalikuwa makosa. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa hotuba zake nyingi. Ila vyama viliporudi, watu walikuwa wameshazoea kuviona kama mali ya serikali, na mazoea hayo hayajaisha hadi leo.

Halafu ikaja ruksa. Mzee Mwinyi alifungua milango, na mwanzoni mwa miaka ya tisini wanunuzi binafsi wakafika hapa na fedha taslimu. Sitakuficha, tulifurahi. Watu walirudi porini kufufua mikorosho ya baba zao, salfa ikapatikana, na ilipofika mwaka 2000 nchi ilikuwa imevuka tena tani 100,000. Lakini mnunuzi akishakujua shida yako, soko huria linakuwa huru kwake. Mwezi wa pili na wa tatu, chakula kimekwisha, mtoto kafukuzwa shule kwa ada, ndipo anapopita mtu wa kangomba. Anakupa elfu kadhaa leo, umlipe korosho msimu ukifika, kwa kipimo chake na si kwa mizani. Na shida zenyewe ziliongezeka kwa sababu soko halikuja peke yake: hospitali za serikali zilianza kuchangisha wagonjwa mwaka 1993, na ada ya shule ya msingi haikufutwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo kangomba alikuwa anavuna palipolimwa na wengine.

Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mkopo enzi za ujamaa viliuzwa, vingine vikageuzwa maghala, na korosho nyingi zinakwenda India na Vietnam na maganda yake. Hata huko kwenu Dar es Salaam, maji yenu yalikabidhiwa kampuni binafsi ya City Water mwaka 2003, na mwaka 2005 mkataba ukavunjwa. Hilo nalipita, wewe unalijua bomba lenu.

Tangu 2007 tuna stakabadhi ghalani. Korosho zinakusanywa na chama cha msingi cha ushirika, zinakwenda ghalani, wanunuzi wanaleta zabuni, bei zinasomwa hadharani, na wakulima wanakubali au wanakataa. Makato ni mengi mno na malipo yanachelewa, hayo nimeyalalamikia mpaka sauti imekauka. Lakini Oktoba 2018 wanunuzi walipoleta bei ndogo, wakulima walisema hapana, mnada ukavunjika. Katika maisha yangu yote ya mizani sikuwahi kusikia hapana kama ile. Mwezi uliofuata Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakaja kusomba magunia. Bei ilikuwa nzuri kwelikweli. Kisha ukaanza uhakiki wa mashamba, wengine wakasubiri fedha miezi na miezi, na wanunuzi binafsi wakawa hawapo. Niambie basi, ule ulikuwa ujamaa au ubepari? Mimi ninachojua ni kwamba baada ya hapana ya wakulima, neno lililofuata halikuwa lao.

Basi jibu langu ndilo hilo. Shule na kisomo siwezi kuvibadilisha na kitu, duka tupu silitaki tena, na chama cha msingi, pamoja na wezi wake, nitakipigania dhidi ya waziri na dhidi ya kangomba.

Huyo Mkenya msalimie. Mwambie mzee wako amekubali ya sabuni. Kisha muulize kwa adabu: mashamba ya walowezi yalipogawanywa kwao, babu yake alipata ekari ngapi, na bosi wa babu yake alipata ngapi? Akijibu, niletee jibu lake.

Baba yako,
Masasi