Maswali ya wasomaji: Kwaresima katika shule ya msingi

Jumatano ya Majivu, siku inayofungua Kwaresima, mwaka 2027 ni tarehe 10 Februari, muhula wa kwanza ukiwa umepamba moto. Barua nyingi zilizotufikia kutoka Malindi na Lamu zinahusu shule za msingi za Kikatoliki. Tumechagua zile zinazogusa wengi.

Tumsifu Yesu Kristu. Binti yangu ana miaka 10. Kwaresima iliyopita alirudi nyumbani amelegea, akasema Jumatano ya Majivu darasa zima liliambiwa lisile chakula cha mchana. Je, Kanisa linataka watoto wafunge? (Mzazi, Muyeye)

Milele amina, mama. Hapana, halitaki. Kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa iko wazi: kufunga kunamhusu aliyetimiza miaka 18 hadi anapoanza mwaka wake wa 60, na kutokula nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14. Shule ya msingi siku hizi inaishia Gredi ya 6, hivyo karibu kila mtoto aliyemo hajafikia umri wa sheria hizo mbili. Wanaopaswa kufunga siku hiyo na Ijumaa Kuu ni walimu, wapishi na wazazi wenye afya: mlo mmoja kamili, na kitu kidogo asubuhi na jioni.

Tena tazameni majira. Februari na Machi ni kaskazi, joto la Pwani liko juu kabisa. Mtoto aliyekunywa chai kavu saa kumi na mbili asubuhi, akanyimwa chakula cha saa saba, ataumwa kichwa au ataanguka gwarideni. Hapo hakuna toba aliyojifunza. Amejifunza kuiogopa Kwaresima. Na maji hayakatazwi kwa mtu yeyote, mkubwa wala mdogo.

Lakini kanuni hiyo hiyo inawataka wachungaji na wazazi wawalee hata walio chini ya umri katika moyo wa kweli wa toba. Njia inayofaa ni mtoto achague mwenyewe kitu kimoja anachokipenda, akiache kwa wiki moja tu. Kiwe kitu chake hasa: shilingi 10 za mabuyu au kachiri, katuni za jioni, au kiti cha dirishani kwenye basi la shule. Jumatatu akiandike kwenye karatasi, aikunje, aiweke ndani ya daftari la dini. Ijumaa aisome peke yake na achague upya. Ahadi ya siku 40 huvunjika siku ya tatu, na mtoto aliyevunja hukata tamaa na kuacha yote. Walimu, tunawasihi: karatasi hizo zisisomwe mbele ya darasa.

Ijumaa za Kwaresima tuwapikie watoto nini? Na je, kuku ni nyama? (Mpishi wa shule, Mambrui)

Kuku ni nyama, sawa na mbuzi, ng'ombe na bata. Samaki, mayai na maziwa vinaruhusiwa. Ingawa watoto wenyewe hawabanwi na sheria, ni vizuri jiko lote lipike bila nyama, kwa kuwa walimu wanakula chungu kimoja nao. Ila msikimbilie kamba wala nguru wa bei ya juu. Ijumaa ya toba yenye meza ya kifahari kuliko Jumapili haina maana.

Maharagwe ya nazi yanatosha kabisa. Kwa watoto 100 pimeni kilo 6 za maharagwe makavu, kilo 12 za mchele na nazi 12 hadi 15. Maharagwe yaloweke tangu Alhamisi usiku, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe mpaka yaive. Tieni tui jepesi kwanza, vitunguu na nyanya vikiwa vimeshaingia. Tui zito liingie mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, huku mkikoroga pole pole bila kuacha. Likichemka kwa nguvu linakatika, mafuta yanaelea juu, na watoto wanaacha nusu ya chakula kwenye sahani.

Jambo moja la kuweka kwenye ratiba: tarehe 19 Machi 2027 ni Ijumaa, na ni Sherehe ya Mtakatifu Yosefu. Kanuni ya 1251 huondoa wajibu wa kutokula nyama Ijumaa inayoangukia sherehe, yaani sikukuu ya daraja la juu kabisa ya Kanisa. Mkiwa na kuku, siku hiyo mpikeni bila wasiwasi.

Watoto kadhaa walilalamika kwamba majivu yaliwawasha kwenye paji la uso, na mmoja akatoka lengelenge. Tulikosea wapi? (Mwalimu wa dini, Mpeketoni)

Karibu kila mara kosa ni maji. Majivu ya mimea yana magadi ndani yake. Yakikorogwa na maji na kuachwa yakae, hutoa maji makali yanayounguza ngozi. Ngozi ya mtoto ni laini, na kukiwa na jasho la asubuhi hali huwa mbaya zaidi. Maji ya baraka hunyunyizwa juu ya majivu matone machache tu, hayamiminwi mpaka yakawa uji.

Anzeni mapema, wiki mbili kabla. Kusanyeni matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Huku kwetu mengi ni ya mnazi. Fungueni riboni, nailoni na karatasi za rangi, zote zitolewe. Plastiki ikiungua pamoja na matawi hutoa masizi yanayonata na kuwasha. Toeni pia chelewa za katikati ya majani. Haziungui sawasawa, hubaki vipande vya makaa vyenye ncha, na hivyo ndivyo vinavyokwaruza paji la uso.

Choma ndani ya karai la chuma, nje, mahali pasipo na upepo, mtu mzima akiwepo. Usishangae matawi ya karai zima yakikupa majivu ya kujaza kikombe tu au chini yake. Yakishapoa kabisa (subirini hadi kesho yake), yatwangwe kwenye kinu kidogo, yapitishwe kwenye chekecheke ya unga, kisha kwenye kitambaa chepesi. Yaliyobaki kitambaani yarudishwe kinuni. Hifadhini kwenye chupa kavu yenye kifuniko.

Kwa watoto 300, vijiko vitatu vikubwa vinatosha kwa sababu kila mmoja anahitaji alama ndogo. Yakiwa hayashiki, tieni mafuta ya nazi au ya zeituni matone machache, yasizidi nusu ya kijiko cha chai. Au fuateni desturi ya zamani ya kuyanyunyiza makavu utosini. Padre au shemasi ndiye anayeyabariki. Mlei aliyeruhusiwa anaweza kusaidia kuyapaka. Yanayobaki hufukiwa ardhini, hayatupwi jalalani. Mtoto akianza kuwashwa, oshwe mara moja kwa maji mengi.

Assalamu alaykum. Mwanangu ni Mwislamu, anasoma shule ya Kikatoliki kwa sababu iko karibu. Atalazimishwa kupakwa majivu? (Mzazi, Shela, Malindi)

Wa alaykum salaam, baba. La. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya inakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume na imani yake, na Kanisa lenyewe halimpaki majivu asiyetaka. Mwandikie mwalimu mkuu barua fupi mapema ili mwalimu wa zamu asimsukume kwenye foleni kwa kutojua.

Upande wa shule kuna kazi zaidi. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuandama siku mbili hivi kabla ya Jumatano ya Majivu, kwa hiyo mifungo miwili itakwenda sambamba. Mtoto aliyefunga asipewe zamu ya kugawa chakula wala kuosha sufuria saa saba. Michezo ipelekwe asubuhi. Wekeni darasa moja lenye kivuli kwa wanaofunga. Na watoto wakianza kushindana nani mfungo wake mgumu, mwalimu awakatize papo hapo.

Kwaya ya shule iimbe nini? (Mlezi wa kwaya, Watamu)

Acheni Aleluya kabisa hadi Mkesha wa Pasaka, hata gwarideni. Wimbo wa Utukufu hauimbwi, isipokuwa kwenye sherehe kama ya Mtakatifu Yosefu na Misa ya Alhamisi Kuu. Ngoma na kayamba zisindikize sauti tu, zisipigwe peke yake. Jumapili ya nne ya Kwaresima mnaweza kulegeza kidogo.

Njia ya Msalaba yetu huchukua saa nzima, na watoto wanachoka. Tufanyeje? (Mwalimu, Gede)

Dakika 25 zinatosha kwa vituo vyote 14 vya mateso ya Yesu. Kila kituo kipewe dakika moja na nusu: "Ee Yesu, tunakuabudu, tunakushukuru," jibu la wote, sentensi tatu za tafakari, kimya cha kuhesabu hadi kumi, kisha Baba Yetu au Salamu Maria, moja tu. Wimbo uwe ubeti mmoja wakati wa kutembea. Kinachokula muda ni wasomaji wanaotafuta ukurasa. Chagueni watoto 14, kila mmoja na karatasi yake, wafanye mazoezi Jumatano.

Fanyeni saa tisa na nusu alasiri chini ya miembe, wala si saa sita uwanjani. Kwenye changarawe wapige goti kituo cha 12 peke yake. Vituo vingine wainamishe vichwa. Upepo wa kaskazi huzima mishumaa, basi iwekeni ndani ya chupa za glasi zilizokatwa na kusuguliwa kingo, na wabebaji wawe Gredi ya 6.