Hanabi kwa mtandao: Wete na Mjini mnacheza bure

Umeuliza kama Hanabi, ule mchezo wa karata, inachezeka kwa mtandao wewe ukiwa Wete, Pemba, na nduguyo yuko Mjini, Unguja. Inachezeka yakhe, na hailipiwi. Iko kwenye tovuti ya hanab.live, kila mmoja afungue kwenye kivinjari chake, hakuna programu ya kupakua. Mmoja anaunda meza na kuitia nywila wasiingie wageni, mwengine anajiunga.

Bando lisikutishe. Ni mchezo wa zamu, kinachosafiri ni hatua tu wala si video, ndiyo maana mimi na shemeji yangu wa Chake tunacheza hata mtandao ukisuasua. Ila msiweke saa ya kuhesabu muda wa zamu.

Wapo wanaodhani mtashindana nyinyi kwa nyinyi, sivyo. Mko upande mmoja. Karata zako anaziona mwenzio, wewe huzioni, na kwa pamoja mnapanga rangi 5, kila moja kuanzia 1 hadi 5, alama 25 zikitimia mmemaliza yote. Vidokezo ni 8, kila kimoja kinataja rangi au namba tu. Vikiisha, tupeni karata mrudishiwe kimoja. Makosa 3 mchezo umekufa. Na kwa kuwa mnaambiana kwa vidokezo tu, ule ukonyezanaji wa wahedi wa sitini, ile karata yetu ya barazani, uacheni huko huko, na msipigiane simu mkicheza, utamu wote unaondoka.

Kwenye simu ilaze kwa upana, karata ni ndogo mno ikisimama. Maandishi ni ya Kiingereza lakini vitufe vyenyewe ni vichache.