Maswali ya Wasomaji: Chunjua kwenye Vidole vya Mtoto

SWALI

Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka minane na yuko darasa la tatu. Tangu kabla ya mvua za mwaka jana ameota vinundu vigumu kwenye mkono wa kulia: vitatu mgongoni mwa vidole na kimoja kando ya ukucha wa kidole gumba. Jirani alimkata kimoja kwa wembe mpya, damu ikatoka nyingi, na baada ya wiki kadhaa pale pale pakaota vitano vidogo. Mama mkwe anasema mtoto alishika chura, na kwamba dawa yake ni maziwa ya mnyaa, nasi ua wetu wote ni wa minyaa. Duka la dawa walinipa mafuta ya Whitfield, nimempaka mwezi mzima bila kuona mabadiliko. Je, hizi ni chunjua kweli? Nimtibu vipi? Nimesikia pia kwamba virusi vyake ndivyo vinavyoleta saratani, na jambo hilo linaninyima usingizi.

Mama wa mtoto, Kizota, Dodoma

JIBU

Marahaba, mama. Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Chunjua husababishwa na virusi vya papiloma, ambavyo wengi wanavijua kwa jina la HPV, lakini virusi hivyo ni ukoo mkubwa wenye aina zaidi ya 100. Aina zinazoota vidoleni mwa watoto si zile zinazohusishwa na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo wasichana wetu wamekuwa wakichanjwa dhidi yake nchini kote tangu mwaka 2018. Kwa sababu hiyo, mwanao hayuko hatarini kupata saratani kutokana na vinundu hivi, na chanjo hiyo nayo haikutengenezwa kwa ajili ya chunjua za mikononi. Chura hana hatia. Virusi hivi ni vya binadamu, na mtoto huvipata kwa kugusana na mwenye navyo au kwa kutumia kitu alichokitumia, hasa ngozi inapokuwa na mikwaruzo au imepasuka, kama inavyopasuka mikono ya watoto wa Dodoma katika miezi ya Juni hadi Agosti, upepo unapokuwa mkavu na wenye baridi.

Je, ni chunjua? Kwa maelezo yako yaelekea ni zenyewe, lakini mkague mtoto mchana, mahali penye mwanga mzuri. Chunjua ina uso mkavu wenye kukwaruza, mfano wa koliflawa ndogo, na mistari ya kawaida ya ngozi haipiti juu yake bali hukatika ukingoni. Kipimo hicho cha mistari ndicho ninachokiamini zaidi, kwa sababu sugu inayotokana na kushika kalamu au jembe huwa na mistari inayoendelea juu yake bila kukatika. Mara nyingi utaona pia vitone vyeusi ndani ya chunjua. Hapa kwetu, ambako vumbi na funza si wageni, vitone hivyo huwapotosha wengi. Funza huonekana kama kipele cheupe chenye kitone cheusi kimoja katikati, huwasha au kuuma, hujitokeza katika muda wa siku chache, na hupenda zaidi vidole vya miguu. Chunjua hukua polepole kwa wiki na miezi, na kwa kawaida haiwashi. Vinundu laini vinavyong'aa na vyenye kishimo kidogo katikati ni ugonjwa mwingine wa virusi, ilhali vipele vinavyowasha usiku katikati ya vidole, na hasa ikiwa watu wengine wa nyumbani nao wanajikuna, ni upele, ambao una dawa yake.

Vitone vyeusi vinastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndivyo vilivyomfanya jirani yako achukue wembe. Watu huviita mizizi, na huamini kwamba chunjua haitakwisha mpaka ichimbuliwe na mizizi yake. Ukweli ni kwamba chunjua haina mizizi: virusi hukaa katika tabaka la juu la ngozi tu, na vitone vile ni vishipa vidogo vya damu ambavyo damu yake imeganda. Anayekata kwa wembe hupita tabaka hilo, hufikia ngozi iliyo chini yake, humwaga damu, na huvisambaza virusi kwenye ngozi ya jirani aliyokwisha kuijeruhi. Vile vitano vilivyoota pale palipokatwa, mama, wembe ndio uliovipanda, na upya wa wembe haukusaidia kitu.

Kuhusu minyaa, nakuomba umwambie mama mkwe kwa heshima kwamba maziwa yake huunguza ngozi nzima pamoja na ile iliyo ngumu. Kibaya zaidi, mtoto wa miaka minane hawezi kukaa saa nzima bila kujipangusa uso, na maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni huleta maumivu makali na yanaweza kuharibu uwezo wa kuona. Mafuta ya maganda ya korosho na asidi ya betri ya gari, ambavyo pia nimewahi kuulizwa habari zake, viko katika kundi hilo hilo. Nimeona makovu ya vidole ambayo yalikuwa makubwa kuliko chunjua iliyokuwa ikitibiwa, na kovu, tofauti na chunjua, haliondoki.

Maana chunjua huondoka. Kinga ya mwili wa mtoto, ikishawatambua virusi hao, huwaondoa yenyewe, na karibu nusu ya watoto hupona ndani ya mwaka mmoja, wengine wengi wakafuata katika mwaka wa pili. Kwa hiyo kutofanya lolote ni tiba halali, endapo vinundu haviumi na mtoto hasumbuliwi na wenzake, nami kwa mtoto mdogo mara nyingi ndiyo ninayoichagua. Nadhani pia ndiyo siri ya dawa nyingi za mitaani zinazosifiwa kwa chunjua: hupakwa mwishoni, wakati mwili wenyewe umeshakaribia kumaliza kazi.

Ukiamua kutibu, dawa ya kuanza nayo ni asidi ya salisiliki. Mafuta ya Whitfield uliyopewa yanayo dawa hiyo, lakini kwa kiwango cha asilimia 3 tu, kwa sababu yalitengenezwa kwa ajili ya fangasi. Kwa chunjua ya kidole unahitaji dawa ya maji ya kupaka yenye asilimia 12 hadi 17. Uliza kwa kiwango hicho, usiulize kwa jina la kopo. Krimu zenye steroidi, ambazo huuzwa kwa kila aina ya kipele, usizikubali, maana hupunguza kinga ya ngozi na zinaweza kuziacha chunjua zistawi.

Matumizi yake ni ya kila siku, na yanafaa zaidi jioni. Mtoto aloweke vidole katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 5, umkaushe, kisha usugue uso wa chunjua taratibu kwa tupa ya kucha au kipande cha msasa laini, ukiondoa ile ngozi nyeupe iliyokufa bila kumtoa damu. Kipande hicho cha msasa kitupwe, na tupa ya kucha ibaki ya mtoto huyo peke yake. Paka mafuta ya mgando kuizunguka chunjua ili kuilinda ngozi nzima, weka tone la dawa juu ya chunjua, liache likauke, ufunike kwa plasta. Ngozi ikiwa nyekundu na kuuma, pumzika siku mbili tatu kisha uendelee. Kazi hii inaweza kuchukua wiki 12, na wengi wanaoniambia kwamba dawa imeshindwa waliiacha katika wiki ya tatu. Dawa nyingi za aina hii hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo zisipakwe karibu na jiko la mkaa wala koroboi, na zisiguse uso, sehemu za siri, wala alama za kuzaliwa. Mtoto mwenye kisukari asipakwe bila ushauri wa daktari.

Ile ya kando ya ukucha ndiyo itakayokusumbua zaidi. Hukuandika, lakini ningependa kujua kama mwanao hung'ata kucha, kwa sababu watoto wenye chunjua za namna hiyo mara nyingi hung'ata, na kila ang'atapo huhamisha virusi kutoka kidole kimoja hadi kingine, pengine hadi mdomoni. Plasta humsaidia hapo pia, kwa kuwa humkumbusha asing'ate.

Hospitali kubwa zina njia ya kugandisha chunjua kwa naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Inafanya kazi, lakini inauma, huleta lengelenge, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, na kwenye ngozi nyeusi inaweza kuacha baka jeupe la muda mrefu. Sioni sababu ya kumwanzishia nayo mtoto wa umri huu. Hata hivyo mpeleke kituo cha afya, na uombe rufaa kwa mtaalamu wa ngozi, ikiwa vinundu vinaongezeka kwa kasi hadi kuenea mwilini, vinatoa usaha au damu vyenyewe, vinaharibu ukucha, au vimetokea usoni au sehemu za siri. Chunjua nyingi zisizosikia dawa zinaweza kuwa dalili ya kinga dhaifu, na katika hali hiyo kumpima mtoto VVU ni busara. Wataalamu wa ngozi wapo wengi kuliko watu wanavyodhani. Tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha.

SWALI

Darasani kwangu watoto watatu wana masundosundo mikononi, na baadhi ya wazazi wanataka wakae nyumbani mpaka wapone. Nifanye nini?

Mwalimu, Kongwa

JIBU

Wasikae nyumbani, mwalimu. Kupona kunaweza kuchukua mwaka au zaidi, na virusi vyenyewe vinaweza kukaa mwilini miezi kadhaa kabla kinundu hakijaonekana, kwa hiyo utakaowarudisha si lazima ndio pekee walio navyo. Ningeshauri pia uliache neno masundosundo mbele ya wazazi, kwa sababu wengi hulitumia kwa vinyama vya sehemu za siri, na mtoto asiye na kosa huishia kusemwa vibaya, sema chunjua. Mwenye chunjua afunikwe kwa plasta wakati wa michezo, kila mtoto awe na wembe wake wa kuchongea penseli, na kama darasani kuna taulo moja linaloning'inia kando ya ndoo ya kunawia, hilo ndilo la kuondolewa, watoto wakaushe mikono kwa upepo.