Buibui yumo ngeli gani?

SWALI: Mwanangu wa gredi ya saba aliona buibui wa rangirangi akirukaruka dirishani, hapa kwetu Likoni, akamwandikia insha. Ameandika: "Buibui mrukaji yumo katika ngeli ya Arachnida." Mwalimu amezungushia "ngeli" wino mwekundu na kuandika kando, "Ngeli ni ya sarufi." Nani amekosea? Ukurasa wenyewe nimeuambatisha.

JIBU: Dada, mtoto hakukosea. Wanaoandika biolojia kwa Kiswahili huwapanga viumbe kwa himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, kisha spishi. Ngeli ya hapo ni neno lile lile la darasa la sarufi, likifanya kazi ya pili.

Raha yake ni kwamba ngeli hizi mbili hazipatani. Kwenye sarufi, buibui yumo A-WA pamoja na mbu, siafu na hata gavana. Kwenye biolojia, miguu yake minane inamtenga na mbu mwenye sita. Jamaa zake ni nge na kupe. Ndiyo maana mwalimu wa sayansi husema buibui si mdudu. Kwake ni sawa. Nyumbani, chochote kitambaacho ukutani ni mdudu, na mimi siwezi kumsahihisha bibi yangu.

Ila upatanisho auchunge. "Buibui huyu ameruka" ni mnyama. "Buibui hili limechanika" ni vazi. Akiandika "buibui limeruka dirishani", watu wa Mji wa Kale watadhani upepo umechukua nguo ya mtu kambani. (Mabinti wa leo wamehamia abaya, lakini neno lingalipo.)

"Mrukaji" nimelipenda. Kiambishi -aji huonyesha mazoea, kama mwindaji, na familia hii ya Salticidae, yenye spishi zaidi ya 6,000, huwinda kwa kurukia badala ya kutega utando. Shida ni kwamba kwetu hata ndege huruka. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, O. Pickard-Cambridge, aliteleza papo hapo bila kujua Kiswahili. Mwaka 1874 alimpa buibui mmoja wa Australia jina la spishi volans, yaani "arukaye kwa mbawa", kwa kuambiwa kuwa zile ngozi za rangi kali ubavuni humsaidia kuelea hewani. Kumbe dume huzitandaza kumchezea jike ngoma ya uchumba! Jenasi yake ilibadilishwa baadaye, kutoka Salticus hadi Maratus, lakini volans limebaki, kwani kanuni za majina haziruhusu kulifuta kwa sababu tu maana yake haimfai mnyama.

Mtoto naye amemtaja buibui huyo mwishoni mwa insha, na hapo pana kosa lililompita mwalimu. Ameandika "Maratus Volans". Jenasi huanza kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo: Maratus volans.