Vitabu vya Historia Vilivyo Stoo, Vitoeni

Nafundisha historia hapa Jinja, Uganda, na ombi langu kwa walimu wenzangu ni moja: vitabu vya zamani mlivyovifungia stoo vitoeni kabla mchwa hawajavimaliza, kisha wanafunzi wavisome.

Maboksi yasikae sakafuni, na rafu isigusane na ukuta, unyevu hupanda. Ukurasa uliochanika usiutie selotepu hata kidogo. Nimeshika kitabu ambacho selotepu yake ilishabanduka, ikaacha mstari wa kahawia juu ya maneno, na maneno hayo hayasomeki tena. Kitabu kilichoachana kifungeni kwa utepe wa pamba. Halafu pigeni picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, karibu na dirisha na bila flashi, wala msikilazimishe kufunguka chote, maana mgongo utavunjika. Picha zihifadhiwe sehemu mbili.

Nakala hizo ndizo za kuingia nazo darasani. Mimi huzitumia kufundisha vita vya Buganda na Bunyoro, falme mbili za zamani za Uganda. Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, aliandika kwa Kiganda. John Nyakatura, aliyekuwa chifu Bunyoro, akaandika kwa Kinyoro mwaka 1947. Watoto wa Jinja wanaozungumza Kisoga hawasumbuliwi sana na Kiganda. Kinyoro tulisomewa na mzazi mmoja. Nauliza tu: huyu anayesimulia alikuwa upande gani, na kipi amekinyamazia? Darasa lililozoea kukariri tarehe linabishana mpaka kengele inalia. Binti mmoja alitaka kujua kwa nini watu wa Buyaga na Bugangaizi, maeneo ya Bunyoro yaliyotiwa Buganda baada ya vita hivyo, walipiga kura mwaka 1964 warudi Bunyoro. Swali hilo halijibiki bila kurudi kwenye vita vyenyewe, na alirudi mwenyewe, bila kutumwa.

Kabalega, mfalme wa Bunyoro, alikamatwa mwaka 1899 pamoja na Mwanga wa Buganda, wakapelekwa Shelisheli. Kabalega alifia hapa hapa Jinja, Mpumudde, mwaka 1923, akiwa njiani kurudi kwao. Inaniuma kuona mtoto anapita Mpumudde kila siku na hajaambiwa. Mtaala mpya wa sekondari, ulioanza 2020, unadai miradi. Basi wapelekeni huko na madaftari, wawaulize wazee, waandike walichosikia pamoja na jina la aliyesema, kisha wakilinganishe na kitabu.

Shule yenu haina kitabu hata kimoja cha zamani? Ulizeni maktaba ya Uganda Society, iliyo ndani ya Jumba la Makumbusho, Kampala. Jarida lao, Uganda Journal, lilianza kuchapwa mwaka 1934, na humo mna makala kuhusu karibu kila pembe ya nchi, ya kwenu ikiwemo.