Mzee, kijana kakosea kuficha funguo, ila na wewe kuna kitu unakikwepa

Shikamoo mzee wangu. Unasema una miaka 64, mwalimu mstaafu hapo Mzumbe, Boxer yako ndo inakupeleka shamba Mlali, juzi ukateleza kwenye kokoto getini ikakulalia mpaka jirani akaja kuinyanyua, kijana wako aliposikia akabeba funguo akaondoka nazo Dodoma bila hata kuaga. Unauliza umri wa kuacha pikipiki ni upi.

Kwanza funguo azirudishe. Baba hafichwi vitu kama mtoto, kama ana neno aje akae mlizungumze, na hilo ukitaka mwonyeshe hapa nilivyoandika.

Ila umri wa kuacha haupo mzee. Wapo wa 70 wanaendesha vizuri kuliko hawa vijana wa kijiweni, na wapo wa 50 walitakiwa waache mwaka jana. Na kuanguka getini wala hakunitishi sana, kokoto zinamwangusha yeyote, kilichonishtua ni yale mawili uliyoyataja juu juu kama salamu, kwamba usiku taa za malori zinakupiga mpaka huoni lami inaishia wapi, na kwamba tangu kisukari kianze nyayo zinakufa ganzi. Sasa baba, breki ya nyuma si unakanyaga kwa mguu wa kulia na gia kwa wa kushoto? Mguu usiojua umekanyaga kiasi gani utafanyaje pale Sangasanga basi la Iringa likichomoza? Hapo hata uzoefu wa miaka thelathini hausaidii, maana uzoefu unataka mguu usikie.

Nenda hospitali wapime macho na miguu, usiende duka la miwani tu. Hiyo ya taa inaweza kuwa mtoto wa jicho, na huo unaondolewa kwa operesheni watu wanaona tena safi, ila kisukari nacho kinakula macho kimyakimya, ndo maana nasema upimwe. Alafu nyumbani panda pikipiki ikiwa imezimwa, geuza shingo uangalie nyuma, ukiona inabidi kiuno chote kigeuke ndo uone geti, jibu unalo.

Wakati unasubiri majibu, lami kuu hapana, na usiku hapana hata kama ni dukani tu. Kumpakia mjukuu ndo usirudie kabisa, hilo silijadili.

Umeandika "sitaki kuwa mtu wa kuomba lifti", na nadhani hapo ndo panapouma kuliko pikipiki yenyewe. Basi usiombe. Tafuta kijana mmoja wa boda mtulivu, mpatane kwa mwezi, anakuja saa unayotaka wewe, unamlipa kwa hela iliyokuwa inaishia kwenye mafuta, oili na matairi. Huyo unamtuma, humuombi. Kuna watakaokwambia ununue bajaji kwa vile haianguki ovyo, sawa, ila bajaji nayo inataka macho yaleyale.

Daktari akisema ganzi haitarudi nyuma, iuze mapema ikiwa bado ina bei, usiiache ioze uani. Na usikabidhi pikipiki na kadi juujuu kwa kujuana, nendeni TRA jina libadilishwe, la sivyo huyo mnunuzi akikamatwa na trafiki deni linasoma kwako.

Shangazi